Abiria wa Kiti cha Nyuma

Jambo hili halikungoja giza. Lilitokea Jumamosi, jua likiwa wazi, watu zaidi ya thelathini wakiwa chini ya turubai wanakunywa soda, na lilianza na kengele tu, ile kengele ndogo ambayo gari la kisasa humlilia mtu asiyefunga mkanda.

Ti, ti, ti, ti.

"Funga mkanda basi, Ditram," Verdiana alimwambia mumewe, kainama dirishani mwa gari jeupe na mtoto mgongoni.

"Nimefunga." Ditram akauvuta mkanda kifuani ili mkewe auone.

"Sasa inamlilia nani?"

Kwenye dashibodi iliwaka taa nyekundu yenye picha ya kijitu kilichoketi. Verdiana alisoma mpaka kidato cha nne na maneno ya kwenye dashibodi hayakumshinda. Gari lilikuwa linasema kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kuna mtu amekaa na hajajifunga. Akachungulia. Hakukuwa na mtu. Ngozi nyeusi ya kiti iling'aa upya wake, ila katikati palikuwa na bonde, kama bonde la mto wa kulalia ulioinukiwa sasa hivi, na Verdiana akangoja lijae, kwa maana bonde la mto hujaa, na hilo halikujaa.

"Ni sensa," Ditram akasema. "Imeingia vumbi la njia ya Mikumi." Akazima injini, kengele ikanyamaza. "Nenda kashike saa yako, wageni wanafika."

Akaenda, kwa sababu siku ile haikuwa siku ya kubishana. Ulikuwa uwanja mpya wa kujaribia magari, kilometa nne za lami nyeusi zilizozungushwa ndani ya shamba la mkonge lililokufa zamani, kati ya Kilosa na Mikumi, na ndiyo kwanza unafunguliwa. Watu wa Dar na Morogoro walikuja kukaa kwenye usukani wa magari ya mbio, manne, kila mtu raundi tano, akanyage mafuta kadiri moyo wake unavyomruhusu. Ditram, aliyekuwa akiendesha watalii mbugani, alikuwa mmoja wa walimu wao. Mwalimu hukaa kiti cha kushoto, anamwambia mgeni wapi akanyage breki na wapi aachie. Siku ikiisha salama, bosi wao, Anselmi, ameahidi mkataba wa kudumu. Na Verdiana naye kapewa kibarua cha siku moja cha kupima muda na kuandika, akaja na Agnesi wake wa miezi minane kwa sababu hakuwa na wa kumwachia na mtoto mwenyewe bado ananyonya.

Saa mbili na nusu alikwenda getini kunakili majina ya wageni. Mlinzi wa geti alikuwa Mudi, mtu wa makamo kutoka Malolo, ambaye baada ya zamu yake watu humfuata nyumbani awasomee wagonjwa wao na kuwaandikia kombe la aya za kunywa.

"Shikamoo, kaka Mudi."

"Marahaba, mama Agnesi. Daftari hilo hapo."

Akafunua. Jina baada ya jina, gari na idadi ya waliomo, maana ndiyo kazi ya Mudi, kuhesabu vichwa. Juu kabisa ya ukurasa palikuwa na mstari wa jana mchana. Gari jeupe. Dereva Ditram. Watu wawili.

"Hapa umekosea," Verdiana akasema. "Jana Ditram alikuja peke yake. Lori lililoleta magari lilishindwa daraja, hilo jeupe akaliendesha mwenyewe toka Mikumi."

"Alikuja na mama."

"Mama gani?"

"Mama mtu mzima, kajitanda kanga mpaka hapa." Mudi akagusa paji la uso. "Kakaa nyuma. Sikuwahi kumwona akitoka, nikajua ni ndugu yenu." Akamtazama vizuri. "Si ndugu yenu?"

Verdiana akasema labda, akanakili majina, na mkono wake ukaandika majina mawili mara mbili mbili.

Saa tatu magari yakaanza. Yalinguruma mpaka ardhi ikatetemeka chini ya kandambili zake. Yalipita mbele ya turubai kama yametupwa, yakaingia kona ya kwanza, yakapotelea kwenye mkonge ule mrefu uliokwishaota maua, na baada ya muda ukayasikia kona ya tatu, mbali, zilikobaki sakafu za kambi ya zamani ya manamba wa mkonge, halafu hayo yanarudi. Verdiana akabonyeza saa. Jekundu, dakika moja na sekunde thelathini na sita. La njano, thelathini na sita. La bluu, thelathini na saba.

Jeupe, arobaini na tatu.

Akadhani dereva mwoga. Lakini aliyekuwa kwenye usukani wa jeupe alikuwa kijana mmoja wa Dar anaitwa Nickson, na tangu asubuhi Nickson alikuwa akiwatangazia watu kwamba yeye breki haijui, breki ni ya wanaume wenye mikopo ya benki. Raundi ya pili, arobaini na tatu. Ya tatu, na hiyo ilikuwa ya mwisho, maana Nickson aliingiza gari pembeni wakati bado ana raundi mbili, akashuka, akavua helmeti.

"Mwalimu, mbona hukuniambia tumembeba mama mkwe?" akasema, na wenzake wakacheka, naye akacheka nao kidogo.

"Nickson, umejikojolea? Geuka tuone," mmoja wao akamtania.

"Nasema kweli. Kila nikikanyaga, ananishika bega. Hapa. Mkono wa baridi, jamani, na mimi nimevaa koti." Akajipapasa bega, na kicheko kikamwisha midomoni. "Na ananukia udi. Udi umechomwa juu ya kitu kibichi, sijui nyama, sijui nini. Mwalimu, wewe hukusikia?"

"Sikusikia kitu," Ditram akasema.

Verdiana alimjua mumewe. Miaka mitatu ya ndoa, alijua anavyolamba mdomo wa chini akidanganya, na aliulamba.

Bosi Anselmi akaja na tabasamu lake la wateja, akamwambia Nickson joto la Kilosa humzidi mtu, akampa soda ya bure na raundi zake mbili kwenye gari la njano. Halafu akamvuta Ditram kando, akamwambia polepole, lakini Verdiana alikuwa karibu: "Leo sitaki habari za kijiji hapa. Unanielewa? Hawa wakiondoka na hadithi, hawarudi, na wewe unarudi kwa simba wako."

Saa sita, wageni walipokuwa wakila pilau, Verdiana alimfuata mumewe nyuma ya rundo la matairi. Alikuwa anamnyonyesha Agnesi, na maneno yakamtoka mfululizo kwa kunong'ona, huyo mama ni nani, umempakia wapi, Mudi kamwona, Nickson kamsikia, mimi ni mkeo, usinilambie midomo, nimeona kiti kile kimebonyea hakina mtu.

"Punguza sauti."

"Nimepunguza. Niambie."

Ditram akakaa juu ya tairi. "Jana, saa sita kama hii. Njiani. Mama amesimama juani, pale hakuna nyumba, hakuna shamba, anapunga mkono. Ungempita wewe? Mtu mzima? Nikasimama. Nikashuka mwenyewe nikakunja kiti, maana gari lenyewe milango miwili. Akapanda nyuma. Nikamwamkia, hakuitikia, nikajua masikio. Nikaondoka. Nimefika hapa, nageuka nimwambie tumefika mama, hayupo."

"Ulimuuliza anakwenda wapi?"

"Sikumuuliza."

"Ditram, unampakiaje mtu humuulizi anashukia wapi?"

"Gari lilikuwa linakimbia vizuri," Ditram akasema, na akaona aibu. "Nilisahau kama nina mtu."

Wakamwita Mudi. Alikuja na sahani yake ya pilau, akasikiliza huku anakula, na alipomaliza kusikiliza hakuwa anakula tena.

"Zamani kule ndani kulikuwa na kambi," akasema. "Manamba wakaondoka, nyumba zikaanguka. Mahame hayakai bure, yanapata mwenyewe. Trekta zilipokuja kulima hii lami, mwenyewe akatoka. Sasa anarudi, au anakwenda kwingine, mimi sijui. Ila huyo hakuingia kwa nguvu, mwalimu. Alisimamisha gari, ukampakia. Huyo ni abiria. Abiria hakemewi, hapigwi visomo, anashushwa. Nenda kamuulize anakwenda wapi, umpeleke."

"Na asiposema?"

"Mwulize kwa adabu. Lakini asichweewe humo. Jua likizama bado amekaa, hatakuwa abiria tena. Atakuwa mwenye gari."

Ditram akaenda. Verdiana alimwona kwa mbali akifungua mlango wa jeupe, akikunja kiti, akisimama pale kwa heshima na kofia mkononi, anaongea na kiti kitupu. Akarudi anafuta jasho, na usoni ana nuru.

"Hayupo. Nimewasha gari, kengele hailii. Kiti kimejaa. Harufu hakuna."

"Ameshuka?"

"Ameshuka mwenyewe."

"Getini hajapita," Mudi akasema.

"Kaka Mudi, na majini nayo unataka yasaini daftari?"

Wote watatu wakacheka, kicheko kile cha kushusha pumzi, na Verdiana akasikia mgongo wake unalegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mchana ukaenda mbio. Wageni walishakula, walishazoea, wakawa wanapokezana magari bila kupumzika na bosi anamhimiza, andika, dada, andika, tusicheleweshe watu. Verdiana aliandika. Jeupe, thelathini na sita. Moyo ukamtulia. La bluu, thelathini na sita. Jekundu, arobaini na tatu. La njano, thelathini na saba. Jekundu, arobaini na tatu. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule, namba chini ya namba, akipepea nzi usoni mwa mtoto ambaye hakupata nafasi ya kumnyonyesha, na hakuna namba aliyoisoma baada ya kuiandika.

Anayesafiri na mabasi ya kule anajua kitu kinaitwa kufaulishwa. Gari lenu likikataa kwenda, abiria mnahamishiwa kwenye jingine, mnakaa, safari inaendelea.

Saa kumi na mbili kasoro wageni wengi walikuwa wameshaanza kufunga mabegi. Bosi Anselmi akaja na simu yake mkononi na furaha ya kweli usoni. Siku imekwenda vizuri, hakuna aliyegonga kitu. Sasa anataka video moja ya tangazo, mwalimu na familia yake, raundi moja ya taratibu, watu waone hata mama na mtoto wako salama hapa.

"Si lile jeupe," Verdiana akasema upesi.

"Chagua wewe, mama. Jekundu je? Jekundu linapendeza kwenye picha."

"Jekundu sawa."

Aliingia kushoto na Agnesi mkononi. Jekundu halikuwa na mikanda ya kawaida, lilikuwa na ile ya mashindano, ya mabega mawili na kiuno, inayotaka mikono yote miwili na macho, wala halikuwa na kengele ya kumlilia mtu. Ditram alikuwa upande wake anarekebisha kioo, bosi nje anasema haraka haraka jua linashuka, Verdiana ana mkanda huku na mtoto huku na helmeti inamziba, na hapo, katikati ya viti viwili, mikono ikanyooshwa kutoka nyuma.

"Lete nikupakatie."

Akampa.

Hakuna mama wa njia ile asiyeelewa alivyompa. Basi limejaa, umesimama, umeshika mzigo, mtu aliyekaa ananyoosha mikono na wewe unampa mwanao, humuulizi jina wala kwao, na Agnesi katika miezi yake minane alikwishapakatwa hivyo na wauza nyanya, na walimu, na askari mmoja wa reli aliyekuwa anashukia Munisagara. Verdiana akasema "ahsante, mama" bila kugeuka, akafunga mkanda wa kwanza, wa pili, wa kiuno, ukalia ka, ka, ka, na gari likaondoka.

Walikuwa wameshapita kona ya kwanza redio ilipokoroma kwenye dashibodi.

"Ditram," sauti ya bosi ikasema, "nimesema wewe, mkeo na mtoto tu. Huyo mama aliyeshika mtoto huko nyuma ni nani?"

Ditram akainua macho kwenye kioo, na Verdiana akamwona mumewe anavyokauka, shingo, taya, mpaka vidole kwenye usukani. "Usigeuke," Ditram akanong'ona. "Verdiana, nakuomba, usigeuke."

Hakugeuka. Harufu ikaja yenyewe, udi juu ya kitu kibichi, ikamwingia chini ya helmeti, na nyuma yake kabisa, karibu na kisogo, akamsikia Agnesi anacheka, kile kicheko chake cha tumboni anachocheka akibembelezwa na mtu anayemjua.

"Simamisha gari."

"Breki haishuki."

"Kanyaga."

"Nimekanyaga kwa miguu miwili, imekuwa jiwe."

Na gari likaanza kukimbia, si kukimbia kwa kurushwa kama kulivyozoeleka pale, ila kuongeza kidogo kidogo, mia moja, mia na ishirini, mia na arobaini, injini ikipanda sauti kama mtu anayeulizwa jambo lile lile kwa mara ya kumi na anaanza kuchoka kujibu. Wakapita mbele ya turubai na Verdiana akaona nyuso zimegeuka na bosi anakimbia kando ya lami akipunga mikono yote miwili, wakapita kona ya kwanza tena na ya pili na zile sakafu za kambi kona ya tatu na turubai tena, mia na sabini, mkonge ukawa ukuta mmoja wa kijivu pande zote mbili, na jua kila wakiligeukia lilikuwa limeshuka zaidi, limekuwa kubwa, jekundu, limegusa vilele vya milima, na kila raundi Verdiana alisema moyoni sasa mtoto atalia, akilia nitajua bado ni wangu, na mtoto hakulia, kicheko kilikwisha pakawa na kitu kibaya kuliko kicheko, kimya chenye sauti ndogo ndogo ya unyevu, kama ya mtu anayekunywa taratibu, na hakutaka kuijua ni sauti ya nini, na Ditram alikuwa anasali kwa sauti, Salamu Maria, umejaa neema, Salamu Maria, anarudia pale pale kwa sababu mengine yamempotea, na ndipo Verdiana akamkumbuka Mudi na sahani yake ya pilau. Abiria hakemewi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mia na themanini. Turubai likapita.

"Shikamoo, mama," akasema tena, na akajitahidi iwe sauti ya kumwamkia mtu, si ya kuomba uhai.

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilikuwa kavu, kama majani ya mkonge yanayosuguana kiangazi, na ilitoka karibu mno.

"Tusamehe, mama. Tumekuweka muda mrefu na hatukukuuliza. Unashukia wapi?"

Ile sauti ya kunywa ikakoma.

"Mmenipita," ikasema. "Tangu asubuhi mnanipita. Napiga mabega, hamsikii. Nimehama gari, mnanipita."

"Ni wapi, mama? Tuonyeshe."

Katikati ya viti kikatokea kidole. Kilipita karibu na shavu lake, kirefu, cheusi, kimenyooshwa kioo cha mbele, na Verdiana akazihesabu pingili zake bila kutaka, moja, mbili, tatu, nne. Kilielekea kona ya tatu, kwenye sakafu za kambi, zile zilizokatwa nusu na lami.

"Pale," Ditram akasema, na sauti yake ikakatika, akaianza upya kama dereva mwenye abiria. "Nashusha pale, mama. Nimekusikia. Kona ya tatu, nashusha."

Breki ikalainika chini ya mguu wake.

Gari likasimama pembeni, kwenye nyasi, injini ikazimika. Usingesikia kitu ila chuma kinachopoa. Jua lilikuwa limebaki nusu.

"Toka," Ditram akanong'ona. "Toka nikunje kiti chako ashuke."

"Sitoki."

"Verdiana, milango ni miwili tu, atapitaje? Toka."

"Mama hashuki akamwacha aliyempakatia mtoto ndani ya gari. Nikiweka mguu chini nimemwachia." Alikuwa analia bila sauti. "Kunja chako. Ashukie kwako. Mimi nipo hapa mpaka nimpokee."

Ditram akamtazama. Kisha akafungua mlango, akashuka, akakunja kiti chake mbele, akasimama kando na uso ameuinamisha, kama alivyofanya jana njiani. "Karibu, mama," akasema. "Tumefika."

Verdiana alikuwa bado amefungwa mikanda mitatu, anatazama mbele, na akainua mikono yake akaipitisha juu ya mabega yake mwenyewe, nyuma, viganja juu, kwenye ile baridi, akasema ahsante sana kwa kunipakatia, mama, umenisaidia, naomba mwanangu, na viganja vikakaa wazi, hakuna kitu, na akasema tena naomba mwanangu mama, na hakuna kitu, ila pumzi, inakwenda na kurudi juu ya vidole vyake kama mtu anayevinusa kimoja kimoja, na kipande cha jua kilichobaki kilikuwa kinakwenda, alikiona kinakwenda, ukucha wa jua tu, na mikono ilianza kumchoka kwa kuinuliwa lakini hakuishusha, akawaza nikiishusha nimekubali, akawaza watanikuta hapa asubuhi mikono iko hivi hivi, na ndipo uzito ukaja, kidogo kidogo, kama unatolewa na mtu ambaye bado anafikiri, makalio kwanza, halafu mgongo, halafu kichwa chenye joto.

Akamvuta mbele kifuani, akamziba kwa mikono yote.

Gari likapanda upande wa nyuma, kama linavyopanda akishuka mtu mnene. Nyasi zikalala mstari mmoja kutoka mlangoni kwa Ditram, zikavuka ile sakafu, zikasimama. Jua likaisha.

Mudi alifika na pikipiki, redio inaongea mfukoni, chupa ya maji mkononi. Alimkuta Verdiana bado yuko kwenye mikanda na Ditram amepiga magoti nje ya mlango wake, wamelaliana vichwa. Mudi akawasha tochi ya simu. Akamtazama Agnesi macho, akamfungua viganja, akampapasa kisogo, akamwita jina, na mtoto akamtazama akatabasamu.

"Mzima," Mudi akasema. "Mzima kabisa. Alhamdulillahi. Amekwenda?"

"Ameshuka," Ditram akasema. "Nimeziona nyasi."

"Basi yamekwisha." Akaanza kufungua chupa, halafu akasimama. Aliirudisha tochi usoni kwa mtoto, kwenye pembe ya mdomo, palipokuwa na kitu cheupe kimeteremka mpaka kidevuni. "Mama Agnesi, umemnyonyesha saa ngapi?"

"Saa sita. Tangu saa sita hajanyonya, kaka Mudi, ona maziwa yamenijaa mpaka yananiuma."

Mudi akakifuta kile cheupe kwa kidole, akanusa. Akakifuta kidole kwenye suruali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na akakaa chini, juu ya lami, na chupa yake haijafunguliwa.

"Mlizunguka mara ngapi?"

"Sita. Saba. Sijui. Kwa nini?"

"Kama angekuwa adui, ningeweza," Mudi akasema taratibu. "Adui namsomea, anatoka. Kama angekuwa abiria tu, mmeshamshusha. Lakini mtoto akinyonyeshwa mara tano, maziwa ni undugu. Sasa mtoto ana mama mwingine, na mimi sina aya ya kumfukuza mama kwa mwanawe. Atakuja kumtazama. Si leo. Akimkumbuka."

"Sisi ni Wakristo," Verdiana akasema, na maneno yakamtoka mbio. "Sisi hatuna hayo mambo ya undugu wa maziwa, kaka Mudi, hayatuhusu, hatuna."

"Yeye anayo."

Kule kwenye turubai taa za magari ya wageni zilikuwa zinawaka moja moja, wanaondoka. Verdiana akalegeza mikanda, akafungua vifungo vya blauzi, akampa mwanawe ziwa. Agnesi alilitazama. Kisha akaligeuzia uso pole pole, bila kulia, kama mgeni aliyekwisha kula kwingine na hataki kumuudhi mwenyeji.